Kreti Tupu

Saa tano usiku, Nkuhungu. Upepo unasugua bati
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimefungua kitabu cha alama kwenye mfumo wa chuo:
Takwimu za Afya, mwaka wa pili,
wanafunzi mia na kumi na wanne,
na kesho saa nne mkuu wa idara anataka matokeo.

Uzito niliupanga mwenyewe, Oktoba, nikiwa nimeshiba:
majaribio kumi, kazi za nyumbani ishirini,
vitendo thelathini, mtihani arobaini.
Jumla mia. Nikafurahi kama fundi
aliyelaza pimamaji juu ya ukuta
na kipovu kikatulia katikati.

Sasa mstari wa sabini na moja. Foibe Ndahani.
Jaribio la kwanza themanini. La pili sabini.
La tatu kistari.
La nne kistari.
La tano kistari.
Mfumo umevisoma vistari kuwa sifuri,
ukajumlisha, ukagawa kwa tano: thelathini.
Katika kumi za majaribio, amepewa tatu.
Tatu, na sita za kazi, na ishirini na moja za vitendo,
na kumi na nane za mtihani:
arobaini na nane. Nyekundu.
Kufaulu ni hamsini.

Najua alikuwa wapi. Zahanati ya Mlowa,
wiki sita, tulikompangia sisi,
ambako mtandao unaupata juu ya tangi la maji,
simu ukiielekeza upande wa barabara ya Iringa.
Aliniandikia: Mwalimu, jaribio limejifunga
nikiwa nimeshika mtoto kwenye mzani.
Sikumjibu. Siku ile nilikuwa na jumbe mia mbili,
na nyingi zilianza na neno samahani.

Chini ya ukurasa kuna kisanduku kidogo:
Usihesabu nafasi zilizo wazi.
Nikaweka tiki.
Wastani wa Foibe ukaruka hadi sabini na tano,
jumla ikawa hamsini na mbili na nusu. Kijani.
Nikanywa chai iliyopoa kana kwamba ni ya moto.

Kisha nikashuka chini kidogo, nikamkuta Sospeta Lungwa.
Tisini jaribio la kwanza, halafu vistari vinne,
na yeye alikuwa bwenini, hatua ishirini toka kwenye ruta,
amelala.
Kwa tiki ileile amepata tisa kati ya kumi,
amewapita waliofanya yote matano
wakaambulia sitini, sitini, hamsini na nane.
Tiki haina macho.

Mama yangu alilima zabibu Hombolo.
Mnunuzi alikuja na mzani wa kuning'iniza, na kreti zake,
na kila mara: "Toa kilo nne za kreti."
Daftari likatii, miaka mitatu.
Msimu wa nne mama akaipachika kreti tupu kwenye ndoano
watu wakiona. Kilo mbili na robo.
Mnunuzi akacheka, akasema mzani umeingia vumbi.
Mama hakucheka.
"Hata kisicho na kitu kina uzito," alisema.
"Nauliza tu nani anaulipia."

Nimeondoa tiki.
Nimeyafungua upya majaribio matatu, kwa wote, siku saba,
usiku na mchana, bila saa ya kukimbizana nayo.
Nimemwandikia mkuu wa idara kwamba matokeo hayajaiva.
Hatapenda.

Foibe hapatikani kwa simu.
Nimemtumia ujumbe wa kawaida, usiotaka bando:
Samahani kwa kuchelewa. Panda kwenye tangi.

Anahitaji alama mia moja tu,
kwa majaribio yote matatu kwa pamoja.
Nimepiga hesabu mara mbili,
safari hii kwa penseli,
nyuma ya risiti ya umeme.